Maziwa ya Kuazima

Mama Kulwa alizikwa Bukene siku ya Jumamosi, na mimi nikafika Jumapili, kwa sababu basi letu liliharibika njiani na dereva akashinda chini yake akigongagonga vyuma. Nilipofika, kilio kilikuwa kimetulia, wanawake wanapika, wanaume wamekaa vivulini na mazungumzo yao. Kulwa mwenyewe, mzee sasa, kichwa chote mvi, alinipokea mzigo akanikalisha kwenye mkeka wa ndugu wa karibu. Baada ya kula akaniuliza mbele ya watu, "Mama mdogo, wewe ndiye uliyebaki katika waliomjua mama akiwa msichana. Hebu tuambie, alikuwaje?" Nikamwambia, "Alikuwa mlaji." Watu wakacheka mpaka wakafuta macho kwa khanga, na mimi nikacheka nao. Ni kweli, alikuwa mlaji. Lakini nilijibu hivyo kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na msibani kila mtu anataka neno fupi ili arudi kwenye chai yake. Hilo refu naliandika hapa.

Ulikuwa mwaka ambao pale hospitalini walishusha picha ya Mfalme ukutani wakatundika ya Malkia. Mambo ya kwetu Kwihara, nani alinioa na kwa ng'ombe wangapi, nayaacha, hayana kazi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa bado msichana, mume wangu yuko kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na mtoto wangu wa kwanza, wa kike, akazaliwa kwa miezi saba. Siku hizi wanasema njiti. Sisi tulisema mtoto wa miezi saba, na tulisema kwa sauti ya chini. Nililetwa mjini nimekaa nyuma ya baiskeli, mtoto nimemfunga kifuani kwa pamba na khanga, na yule aliyeendesha hakugeuka hata mara moja kuuliza kama bado tuko wawili. Walimpokea wakamlaza katika chumba cha vichanga, chumba chembamba chenye dirisha moja na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, ambako watoto walilala ndani ya visanduku vya mbao vilivyozungushiwa chupa za maji ya moto. Sisi mama zao hatukulala humo. Tulilala uani, katika banda la bati ambalo ukuta wake uliishia kiunoni, tukipika wenyewe kwenye mafiga. Kengele ikilia tunanawa mikono, tunaingia. Mwenye mtoto anayeweza kunyonya alinyonyesha. Mwenye mtoto kama wangu alikamua maziwa kwenye kikombe cha bati, na mtoto akanyweshwa tone kwa tone.

Mkuu wa chumba alikuwa Sista, Mzungu mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. "Mama, nawa! Mama, kaa! Mama, kamua!" Hakuwa mkali wa moyo, nadhani sasa, ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumfundisha maneno mengine. Chini yake alikuwapo Bi Asha, mhudumu, mwenyeji wa Kanyenye, mwanamke wa mjini hasa, hina haimtoki mikononi wala neno halimkauki mdomoni. Sista akishatoa amri, Bi Asha aliitafsiri kwa Kiswahili cha binadamu. "Anasema kaeni vizuri, watoto wasije wakapaliwa. Hana ugomvi na mtu, ndivyo alivyoumbwa."

Sasa nieleze hali yangu bila kuipamba. Sikuhisi kitu. Kama ningemchukia yule mtoto ingekuwa afadhali, maana chuki nayo ni kitu. Kengele ililia nikaenda, nikakamua, nikarudi, nikalala uso ukutani nikitazama chokaa ilivyobanduka. Ugali mdomoni ulikuwa kama karatasi. Kuoga ilikuwa kazi, kujibu salamu ilikuwa kazi. Mchana wanawake walikaa mlangoni wakichambua mlenda, na kwa kuwa nimelala walidhani nimesinzia. "Yule ana jini," akasema mmoja. "Jini wapi," akajibu mwingine, "yule ana roho ngumu. Mtoto analia kama paka, yeye anatazama dari." "Mimi nawaambia, huyu mtoto hakumtaka." Nilisikia yote, na ajabu ni kwamba hayakuniuma, nilisikiliza kama habari za ukoo wa watu wengine. Bi Asha peke yake ndiye aliyenisema usoni. "Binti, unamtazama mtoto wako kama mzigo wa abiria mwenzio. Utafikiri umeambiwa umwangalizie tu, mwenyewe anarudi." Nilimwitikia, "Ndiyo, Bi Asha," na kweli ndivyo nilivyomtazama. Leo vijana wa hospitali wananiambia kwamba hali ile ina jina na wanawake wengi huipitia. Sawa. Sisi hatukuwa na jina lake, tulikuwa na ukuta.

Maziwa nayo yakaanza kunikimbia. Mwanzoni kikombe kilifika nusu, halafu robo, halafu ikawa kinalowa chini tu. Sista alikiinua dirishani akakitazama, akanitazama mimi. "Mama, wapi maziwa?" Aliuliza kama nimeyaficha. Nikasema sijui, na kweli sikujua. Wakajaribu maziwa ya kopo. Mtoto akaharisha, ngozi ya mapaja ikakunjamana kama ya bibi kizee, na Bi Asha akaacha kunitania, jambo ambalo lilikuwa ishara mbaya kuliko yote.

Mwenzangu wa mkeka wa pili alikuwa Kabula, ndiye huyu Mama Kulwa tuliyemzika. Alikuja kwa treni kutoka Bukene na mapacha wadogo mno, wa kiume Kulwa, wa kike Doto. Mumewe naye alikuwa kwenye mkonge, na labda ndiyo sababu aliniona ndugu kabla sijamwona yeye. Alikuwa na mfuko wa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga, na alikula tangu jua kuchomoza, akizungumza huku anatafuna. "Nyamizi, huli? Lete basi, chakula kisinung'unike." Akala changu, akafuta sahani kwa kidole, akanisimulia mambo ya watu wa Bukene ambao sikuwajua wala sikutaka kuwajua. Nilimpenda kwa sababu hakuniuliza kitu.

Asubuhi moja Bi Asha alikuja mlangoni mwa banda, akamwita Kabula kwa kidole. Kabula akaenda, akarudi baada ya muda mfupi, akaketi penye kinu na kuendelea kutwanga karanga zake. Tulijua tu kwa namna Bi Asha alivyosimama. Wanawake wakashika vichwa, mmoja akafungua mdomo aanze kulia, na Kabula akamnyooshea mchi. "Asilie mtu! Kwetu pacha haliliwi. Ukimlilia aliyeondoka, anamwita mwenzake amfuate. Wala hasemwi kwamba amekufa. Nawaombeni, msiniponze, Kulwa bado yuko mle ndani." Akina mama waliotoka pande za Nzega wakaitikia kwa vichwa, maana kwao pia ni hivyo hivyo. Wengine wakafunga midomo kwa kumwogopea Kulwa. Watu wa hospitali wakamzika mtoto, na tangu saa ile jina la Doto halikutamkwa tena bandani. Kabula akatwanga karanga mpaka zikawa mafuta. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Yeye alikuwa na machozi akayazuia kwa nguvu zote. Mimi hakuna aliyenikataza, na sikuwa nayo.

Kuzuia machozi aliweza, kuzuia maziwa hakuweza. Mwili wake ulikuwa umejitayarisha kwa wawili. Matiti yakavimba yakawa magumu, gauni likawa halikauki, homa ikampanda, hata hamu ya kula ikamtoka. Bi Asha akasimama katikati ya banda mikono kiunoni. "Huyu anamwaga, yule amekauka, na nyote mnatazamana! Mnangoja Sista awaandikie?" Akamleta mtoto wangu, ambaye siku zile ameanza kujua kunyonya, akamweka kwa Kabula. Mtoto akashika. Tulisikia anavyomeza. Kabula akafumba macho, na mimi nilichohisi ni nafuu, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Sista alipokuja kutukuta alisimama kidogo, akampima mtoto, akampima tena baada ya siku chache, kisha ikawa ni amri yake: "Mama Kulwa, wawili!"

Bi Asha akaongeza sharti lake. Kila kengele, kwanza nimnyonyeshe mimi, hata kama hakuna kitu, ndipo nimpe Kabula. "Ajue mlango wa kwao," alisema. Nilitii kwa sababu kutii kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Mtoto alivuta, akapata matone, akakasirika, akanipiga kwa kijingumi chake, nikampitisha upande wa pili. Mvua zikaisha, mashamba yakavunwa, ndugu wa wagonjwa wakaanza kuja na karanga mbichi badala ya kavu, na mtoto akaota mashavu, yeye na Kulwa wakatolewa chumba cha vichanga tukakaa nao bandani. Jina sikuwa nimempa. Kwenye kadi aliandikwa Mtoto wa Nyamizi. Kabula ndiye aliyemwimbia, ndiye aliyejua analalia upande gani, na kengele ikilia alinyoosha mikono yote miwili, "Haya, nileteeni wanangu." Nilisikia alivyosema. Sikuona ubaya. Mimi nilikwenda kukaa karibu na uzio, nikitazama moshi wa treni ya Mwanza.

Ndipo mama mkwe wa Kabula alipokuja. Aliingia bandani asubuhi, bibi mfupi, mwepesi, vumbi hadi magotini, akitusalimia kwa sauti ya kondeni, "Mwangaluka!" Tukaitikia sote. Alibeba kila kitu viwili viwili: vibuyu viwili, kuku wawili, shanga nyeupe nyuzi mbili, kama inavyotakiwa kwa mapacha. Hakuna aliyempelekea habari. Ungempelekeaje habari ambayo haisemwi? Na Kabula wakati ule alikuwa amekaa ukutani ananyonyesha, Kulwa kwapa hili, wangu kwapa lile, mvulana na msichana, wanene wote wawili. Bibi akaachia mizigo ikaanguka, akapiga vigelegele hadi wagonjwa wa wodi ya wanaume wakachungulia.

Hakungoja hata maji ya kunywa. Akachanganya unga na maji kwenye kibuyu, akawanyunyizia watoto, akawavika shanga viunoni, kila mmoja wake, akaanza kuimba nyimbo za mapacha. Asiyezijua nyimbo hizo aelewe kwamba ni matusi matupu, ya nguoni, na zisipokuwa matusi hazina kazi. Bi Asha akaja mbio. "Astaghfirullah! Mama, shikamoo, lakini hapa ni hospitali!" "Marahaba, mwanangu," bibi akajibu bila kukata wimbo, "sasa ulitaka niwaimbie nini, watoto hawa? Matusi ndiyo dawa yao." Banda zima likacheka. Hata mimi midomo ilinicheza, mara ya kwanza tangu nije. Kisha nikamtazama Kabula. Alikuwa anawatazama watoto tu. Alipomaliza, bibi akasema, "Wamekwisha kufungwa pamoja sasa. Wanakula pamoja, wanalala pamoja, hawatengani mpaka wakubwa. Kesho treni ya mchana, twende zetu nyumbani."

Kicheko kikakatika. Wanawake wote walijua, na hakuna aliyeweza kufungua mdomo, kwa sababu kusema huyu si Doto ni kusema Doto yuko wapi. Wakanigeukia mimi, mwenye mtoto. Kabula hakunigeukia. Bi Asha alikuwa amekwisha kurudi wodini, na kesho yake ilikuwa siku yake ya kupumzika. Sista alikuwa ameturuhusu sote wawili kwa pamoja, watoto wamefikisha uzito, na kazi yake nasi ilikuwa imekwisha. Basi nikawaza, na niliyoyawaza nayaandika kama yalivyokuwa: aende. Kule kuna maziwa, kuna nyimbo, kuna bibi wa kupiga vigelegele. Kwangu kuna nini? Kwihara nitasema amekufa. Mtoto wa miezi saba, nani atauliza? Jioni nilimkunjia vitambaa vyake vizuri nikaviweka karibu na vibuyu vya bibi. Kabula aliniona. Akanimegea tobolwa, akanipa mkononi, na kwa mara ya kwanza nikala chakula chote alichonipa, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Kesho yake mchana walijiandaa. Kabula akambeba Kulwa mgongoni. Bibi akamchukua wangu, akamgeuza huku na huku amtazame vizuri kabla ya kumfunga mbeleko, kama mtu anayekagua kitu chake. Akamshika sikio la kushoto. Sikio lile lilikuwa limekunjika juu, ncha imelala. Bibi akaangua kicheko. "Jamani, njooni muone! Sikio la marehemu mume wangu hili! Hata kipofu angelijua!"

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Baada ya miezi ya kutohisi kitu, nilipandwa na hasira kwa ajili ya sikio. Sikio lile ni letu. Baba yangu alikuwa nalo, mimi ninalo, nimetaniwa nalo utoto wangu wote, nimelifunika kwa kitambaa tangu nilipovunja ungo, na leo bibi wa Bukene anampa mumewe! Nikasikia sauti yangu, kubwa, "Hilo sikio ni langu."

"Unasemaje, mwanangu?"

Nikavuta kitambaa kichwani. "Hili hapa, mama. Tazama. Sikio ni langu, na mtoto ni wangu."

Bibi akalitazama sikio langu. Akatazama la mtoto. Hakuwa mjinga hata kidogo. Akageuka polepole. "Kabula. Mwenzake Kulwa yuko wapi?"

Kabula akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yananisihi kama mtu aliyepiga magoti. Nilielewa. Nikisema na Kulwa akafa, nitakuwa nimemuua mimi. Ndivyo walivyoamini wote pale, na mimi pia niliamini, nisijifanye leo mwerevu. Nisiposema, mtoto anapanda treni. Kulwa alikuwa amelala shavu limeegemea mgongo wa mama yake. Nikasema, "Mama, Doto alifariki. Wamemzika hapa hapa mjini. Huyo wangu Kabula alimnyonyesha tu, alinisaidia."

Nilitegemea kofi. Bibi alisimama na mtoto mikononi, kisha akaingiza kidole chini ya uzi wa shanga kiunoni mwa mtoto, akaukata. Shanga zikatawanyika sakafuni na hakuna aliyeinama kuziokota. Akanipa mtoto bila kunitazama. Halafu upesi upesi akamfungua Kulwa mgongoni mwa mama yake, akamkabidhi mwanamke mmoja. "Mpeleke mbali huko, nyuma ya jiko, asisikie." Alipohakikisha wamekwenda, akaketi chini kando ya mkwewe, akanyoosha miguu kama watu wanavyoketi matangani. "Haya, mwanangu, lia. Lia upesi, treni inakuja."

Kabula akalia. Sijui kama nimewahi kusikia mtu akilia vile tena, na nimezika wengi. Bibi akalia naye, kisha banda zima. Kulwa hakufa, ndiye aliyenipokea mzigo juzi. Wangu naye alikua. Maziwa yalinirudia polepole, kwa uji wa karanga na matusi ya Bi Asha, ambaye alimfuata Sista nyumbani kwake ili tusiruhusiwe mpaka nimeweza kunyonyesha. Wala ule uzito wa moyo haukuniondoka siku ile. Uliniondoka vipande vipande, na vingine viliningoja hadi mavuno yaliyofuata.

Lakini mchana ule, katikati ya kilio, mtoto wangu naye akaanza kulia kwa njaa, maana saa yake ilikuwa imefika. Mikono yangu, kwa mazoea, ikampitisha kwa Kabula. Kabula akairudisha mikono yangu. "Siwezi tena, Nyamizi," alisema, kamasi na machozi yamechanganyika. "Huyo ana mama." Nikamweka kifuani. Akavuta, akaachia, akapiga kelele, akanipiga, akavuta tena. Nikaanza kulia, na nilipoanza sikuweza kuacha. Wanawake wakanizunguka, wakanishika mabega, wakanipa pole ya Doto, wakisema kumbe na yule ana moyo. Nilizipokea pole zao. Sikuwa namlilia Doto. Nililia kwa sababu nusura wamchukue, na tangu nimzae sikuwa nimewahi kuhofia kumpoteza.